Hesabu ya Kijiji Huanzia Mlangoni Pako

TUSEME, ndugu msomaji, kwamba asubuhi hii mama mmoja wa kata ya Bugarama, katika wilaya ya Ngara, amemfunga mwanawe mgongoni na kushuka njia ya migombani kwenda zahanati. Mtoto ametimiza majuma kumi, na siku yake ya sindano imewadia. Muuguzi anafungua daftari kubwa la kliniki, anashika kalamu, na anauliza mambo ambayo huulizwa kila mzazi: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la mama, na kitongoji wanachoishi. Matatu ya kwanza mama anayajibu upesi. La nne analifikiri. Kisha anataja kitongoji cha dada yake, si chake.

Muuguzi anaandika alichoambiwa. Foleni ni ndefu, watoto wanalia, na mama yule ameshika kadi mkononi kama wenzake wote. Mtoto anachomwa sindano, analia kidogo, ananyonya, analala. Hakuna aliyedhulumiwa, wala hakuna aliyeiba.

Hata hivyo, kazi ya mtu mmoja aliye mbali na benchi lile imekwisha kuharibika kidogo. Mtu huyo yuko katika ofisi ya halmashauri ya wilaya. Hajapata kumwona mama huyu, na yamkini hatamwona maisha yake yote. Ni mtakwimu wa halmashauri. Siku hizi wako wanaomwita mchambuzi wa takwimu, na vijana waliosoma wanalipenda zaidi jina hilo kwa kuwa lina mlio wa kompyuta ndani yake. Sisi tutabaki na lile fupi.

Ni kazi ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwalimu anajulikana, muuguzi anajulikana, bwana shamba anajulikana hata kwa kofia yake. Lakini binti akirudi nyumbani kutoka shule na kusema kwamba anataka kusomea takwimu, baba humtazama kwa mashaka na kuuliza: huko mnahesabu nini? Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo Dar es Salaam tangu mwaka 1965, na kimekuwa kikiwafunza vijana wa nchi mbalimbali. Hata hivyo swali la baba ni swali la haki, na makala haya yanajaribu kulijibu kwa kuitazama kazi yenyewe mahali inapofanyika, katika wilaya ya mpakani.

Kila mwezi, katika juma la kwanza au la pili, ofisi ya halmashauri hupokea hesabu kutoka kila upande. Zahanati zinaleta zao kwa utaratibu wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: wajawazito waliohudhuria, watoto waliozaliwa, waliochanjwa, waliougua malaria, waliofariki. Shule zina orodha za wanafunzi. Watendaji wa kata wanaleta habari za kaya, mazao, mifugo na mapato. Wanaoshughulikia Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini chini ya TASAF nao wana daftari lao. Zamani hesabu hizi zilisafiri ndani ya bahasha, na sehemu bado zinasafiri hivyo. Nyingine hupelekwa kwa mtandao. Zote zinakutana juu ya meza ya watu wachache, na miongoni mwao yumo mtakwimu wetu.

Watu hudhani kazi yake ni kujumlisha. Kujumlisha ni kazi ya mashine. Yeye kazi yake ni kutilia shaka. Akiona zahanati imeandika idadi ileile ya wagonjwa miezi mitatu mfululizo, hajui kosa liko wapi, lakini anajua kwamba magonjwa hayana adabu ya namna hiyo. Akiona shule imeongeza wanafunzi katikati ya mwaka bila kijiji kuongezeka, anauliza. Akikuta sufuri, anauliza zaidi, maana sufuri ina maana mbili: ama jambo halikutokea, ama hakuna aliyeliandika. Kwenye karatasi maana hizo mbili zinafanana kabisa.

KIASI NA ASILI

Ndugu msomaji, kumbuka hesabu za sehemu tulizofundishwa shule ya msingi: kiasi juu, asili chini. Kazi kubwa ya takwimu za wilaya imo katika mstari ule unaotenganisha tarakimu hizo mbili. Watoto waliochanjwa ndio kiasi, na hao wanaonekana, wanalia, wanaandikwa. Watoto wote waliostahili kuchanjwa ndio asili, na hao hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja mwaka huu. Wanakadiriwa tu kutokana na sensa iliyopita, kwa kuongeza kila mwaka kiwango fulani cha ukuaji.

Tuseme zahanati imekadiriwa kuwa na watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja. Mwaka unakwisha, imechanja watoto 230. Gawanya, utapata asilimia 115. Asiyejua hucheka, na anayejua hukuna kichwa. Je, muuguzi ametia chumvi? Inawezekana. Je, makadirio yalikuwa madogo kuliko ukweli? Inawezekana pia. Je, akina mama wa kata ya jirani wanapita kwao na kuja hapa kwa sababu hapa dawa haziishi? Na katika wilaya inayopakana na Burundi na Rwanda, je, hawamo watoto waliovuka mpaka mgongoni mwa mama zao? Hakuna muuguzi mwenye moyo wa kibinadamu atakayemrudisha mtoto bila sindano kwa sababu asili yake iko katika nchi nyingine.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa katika ofisi moja ya namna hiyo, katika halmashauri ambayo hataitaja, siku ambayo asilimia ya aina hii ilitokea. Mkubwa mmoja aliitazama karatasi, akamwambia kijana aliyeiandaa: "Hii itatuaibisha. Weka tisini na nane." Kijana alikuwa na miezi minne tu kazini. Aliondoka na karatasi yake, akarudi baada ya saa moja, na tarakimu ilikuwa ileile, isipokuwa chini yake aliandika mistari sita akieleza mambo matatu yanayoweza kuwa yameisababisha. Mkubwa akanuna. Karatasi ikaenda mkoani na mistari yake. Sijui kama kijana yule alipandishwa cheo, lakini nakumbuka mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka alipoiweka mezani.

Maana tisini na nane ni tarakimu nzuri sana, ndugu msomaji, na ubaya wake ndio huo. Tarakimu nzuri haiulizwi. Asilimia 115 inalazimisha watu kupanda gari na kwenda kuangalia.

WILAYA ILIYOPUNGUA

Ngara imepata somo la asili na kiasi kwa namna ambayo wilaya chache duniani zimelipata. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakikimbilia upande wetu kwa muda wa saa ishirini na nne hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Nani angewahesabu? Ilianza kwa kukadiria kwa macho, kisha kwa kuwategemea viongozi wa makundi yao. Kwa kuwa viongozi haohao ndio waliopokea chakula kwa niaba ya watu wao, watu wakawa wengi kwenye orodha kuliko chini ya mahema. Kila aliyepata kugawa chakula analijua jambo hili: tarakimu yenye gunia la mahindi nyuma yake hunenepa.

Wanyarwanda hao walirejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Lakini Ngara ilibaki na wakimbizi kutoka Burundi katika kambi ya Lukole, na walikuwapo bado wakati wa sensa ya mwaka 2002. Sensa hiyo iliihesabu wilaya kuwa na watu zaidi ya 330,000. Lukole ikafungwa mwaka 2008. Ilipofika sensa ya 2012, Ngara ilikuwa na watu 320,056. Nchi nzima inaongezeka, na wilaya moja imepungua!

Sasa mfikirie mtakwimu ambaye, bila kujua habari ya kambi, angechukua ile hesabu ya 2002 na kuiongezea asilimia 3 kila mwaka kama kitabu kinavyomwelekeza. Angefika mwaka 2012 akiwa na watu zaidi ya 440,000 kwenye karatasi. Katika wilaya hiyo ya karatasi, hata kama kila mtoto aliye hai angechanjwa, ripoti ingeonyesha asilimia 72 hivi. Wauguzi wangeitwa wavivu. Akina mama wangehubiriwa kuwa hawajali watoto wao. Na wote wangekuwa wametimiza wajibu wao, ila wamegawanywa kwa watu waliokwisha kurudi kwao.

Kwa sababu hiyo mtakwimu mzuri wa wilaya hasomi majedwali peke yake. Huuliza wazee. Hujua ni mwaka gani kambi ilifungwa, ni bonde gani lilihamwa kwa njaa, ni lini watu walifuata machimbo. Programu ya kompyuta humsaidia kuchora mstari ulionyooka, lakini ni mzee wa kijiji atakayemwambia kwa nini mstari ule haukunyooka.

KWA NINI MAMA ALIFIKIRI KWANZA

Turudi kwenye lile swali la nne. Kwa nini mama atoe kitongoji cha dada yake?

Wazee wetu wanakumbuka kwamba kuhesabiwa kulikuwa mlango wa kutozwa. Kulikuwa na kodi ya kichwa. Baadaye, halmashauri zilipofufuliwa katika miaka ya 1980, ikaja kodi ya maendeleo, ambayo haikufutwa mpaka mwaka 2003. Wanaume waliolala porini siku za ukaguzi wako hai, na wajukuu wao wamezisikia hadithi hizo jikoni. Ukimwuliza mtu wa nyumba kama hiyo "mko wangapi hapa?", yeye anasikia "mnadaiwa kiasi gani?"

Mpakani kuna jambo jingine lililo zito zaidi. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, kinasikilizana sana na Kirundi. Ndoa zimevuka mpaka tangu kabla mpaka haujachorwa. Mwezi Septemba mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Sheria za nchi zina haki ya kulindwa, wala si kusudi la makala haya kulipinga hilo. Lakini zipo nyumba ambamo bibi alizaliwa ng'ambo ya mto, baba ana kadi ya kupigia kura, na watoto hawana cheti chochote. Na nyumba hizo zilijifunza jambo moja, kwamba jina la mahali unapoishi ni jambo la kutajwa kwa tahadhari.

Tena, tusifichane. Mtendaji wa kijiji anayeandika rejista ya wakazi ndiye yuleyule anayedai michango ya darasa, na ndiye anayeitwa askari wanapotafuta nyumba ya mtu. Mwananchi haoni vyeo vitatu. Anaona mtu mmoja mwenye daftari. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inamtaka anayekusanya takwimu kutunza siri ya habari za mtu binafsi, na karani wa sensa huapa kabla ya kuanza kazi. Mwaka 2022 ikatungwa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hizo ni ngao nzuri. Lakini ngao iliyofungiwa kabatini Dodoma haimkingi mama aliye kwenye benchi la zahanati. Ni lazima muuguzi mwenyewe aijue, na amweleze kwa lugha anayoielewa, kwamba daftari la kliniki si daftari la uhamiaji.

Zamani kazi hii ya kuaminiwa ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa Chama, hana kompyuta wala kishikwambi, lakini alijua nani kajifungua juzi, nani kafiwa, na mgeni wa nani amelala wapi. Ukweli alikuwa nao kwa sababu alikunywa togwa katika nyumba zote kumi. Kwa upande mwingine, wapo mabalozi waliozitumia habari hizo kwa chuki zao, na hilo nalo tusilisahau tunapowasifu.

KITONGOJI KISICHO NA WATOTO

Sasa tazama kinachotokea kwa jibu lile dogo. Akina mama watatu au wanne wa kitongoji kimoja wakifanya vivyo hivyo, kitongoji hicho kinakuwa, kwenye jedwali, mahali pasipo na watoto wachanga. Kitongoji cha dada kinafurika. Wilaya inapopanga huduma za mkoba, yaani zile siku ambazo wauguzi hubeba chanjo na mizani kwenda kuwafuata watu chini ya mti, inapeleka gari kule ambako tarakimu zinaonyesha kuna watoto. Mama aliyejificha anazidi kutembea mbali. Anayekuja baada yake anaona ni mbali mno, anaacha.

Hesabu za shule nazo zina hatari yake, ila huko kishawishi huvuta upande wa pili. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, fedha za uendeshaji zimekuwa zikigawanywa kufuata idadi ya wanafunzi, na mwaka huohuo nchi nzima ilizoea neno jipya: wanafunzi hewa. Kwenye zahanati watoto halisi wanapotea, shuleni watoto wasiokuwapo wanazaliwa. Mtakwimu mmoja anatakiwa kuwatafuta wa kwanza na kuwafukuza wa pili, na mara nyingi mwalimu mkuu anayepaswa kuulizwa ni jirani yake au shemeji yake.

Yako mambo mazito kuliko fedha. Mnamo Desemba 2024, katika wilaya ya Biharamulo, jirani kabisa na Ngara, watu walianza kufa kwa homa kali. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa rasmi kwamba ni ugonjwa wa Marburg. Ulipotangazwa kumalizika, tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa kumi, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakidhaniwa, na wote walikuwa wamefariki. Mkoa wa Kagera ulikuwa umekwisha kuuonja ugonjwa huo mwaka 2023 upande wa Bukoba Vijijini, ambako walifariki watu sita.

Kumi ni tarakimu ndogo. Katika jedwali la mkoa wenye watu karibu milioni tatu haionekani kabisa; inamezwa na malaria na nimonia. Inaonekana tu kijijini, kwa mtu anayejua kwamba katika nyumba zile nne ukutani mwa kilima hakujawahi kuzikwa watu watatu kwa majuma mawili, na ambaye ana ujasiri wa kumpigia simu aliye juu yake kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeijua idadi ya kawaida ya vifo vya mahali pake hawezi kuona isiyo ya kawaida. Na idadi ya kawaida haitoki Dodoma. Inatoka kwenye nyumba zilizokubali kusema, mwaka hadi mwaka, nani amezaliwa na nani ameondoka.

Sensa ya mwaka 2022, ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, iliwahesabu Watanzania 61,741,120 kwa vishikwambi, na tarakimu hiyo itatumika kukadiria asili za wilaya zetu mpaka sensa nyingine ifike. Kati ya sensa na sensa ni miaka kumi. Watoto hawangoji miaka kumi.

Basi tuseme mtakwimu wetu amekaa mezani kwake jioni, wenzake wamekwisha kuondoka, na anavitazama vitongoji vya kijiji kimoja cha Bugarama. Kimoja kina kaya nyingi kwenye rejista na hakina mtoto mchanga hata mmoja tangu mvua za vuli. Jirani yake kina watoto wengi kuliko wanawake wanaoweza kuzaa. Angeweza kugawanya jumla kwa wastani, jedwali likapendeza, akaenda nyumbani. Badala yake anampigia mtendaji wa kijiji. "Mzee wangu, shikamoo. Kule kilimani kwako watu wameacha kuzaa?"

Mtendaji anacheka kwenye simu. Siku ya pili anapanda kilima pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye ni binti wa palepale na anajulikana kila mlango. Daftari la michango ameliacha ofisini makusudi. Wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanapewa viti uani. Baada ya salamu ndefu za mashamba na za wagonjwa, binti ndiye anayeuliza kwa Kihangaza, taratibu, ni watu wangapi waliolala hapa jana.

Mwenye nyumba anatazama chini, anahesabu kwa vidole. "Watano," anasema.

Kutoka jikoni, juu ya sauti ya mwiko kwenye chungu, mkewe anajibu: "Sita."